Kwa nini kipimo cha kupuliza hakisemi mzee atatembea umbali gani

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 58, urefu sentimita 168, uzito kilo 51. Alimaliza dawa za kifua kikuu mwaka 2021, na sigara aliziacha wakati huohuo baada ya kuvuta zaidi ya miaka ishirini. Juzi alipimwa kwa mashine ya kupuliza, akaambiwa FEV1 yake ni asilimia 48 baada ya dawa na uwiano ni 0.58. Rafiki yake ambaye walikuwa wakitibiwa pamoja ana asilimia 41, lakini bado analima na kuendesha baiskeli. Baba hafiki sokoni, mita kama 300, bila kusimama mara mbili. Ameacha kwenda msikitini, na anaoga akiwa amekaa. Je, mashine imekosea? Na kwa kuwa huku kwetu hatuna kituo cha mazoezi ya mapafu, tufanye nini nyumbani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mashine inaweza kuwa sahihi, na wewe pia ukawa sahihi. Mwenye 41 kulima na mwenye 48 kushindwa kufika sokoni ni jambo la kawaida kwenye kliniki za kifua. FEV1 ina uhusiano na uwezo wa kutembea, ila uhusiano huo ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Uhusiano wake na ubora wa maisha, yaani usingizi, kazi, ibada, hofu, hata kuoga bila msaada, ni dhaifu zaidi. Ukichukua mamia ya wagonjwa, wenye namba ndogo kwa wastani hutembea kidogo. Ukimchukua mgonjwa mmoja, namba hiyo pekee haikuambii atafika wapi. Mimi naliona hilo kuwa jambo la kutia moyo, kwa sababu mengi yanayomzuia baba yako hayamo ndani ya ile 48, na baadhi yake yanarekebishika hata kama 48 itabaki 48.

Tuanze na namba yenyewe. FEV1 ni ujazo wa hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza mtu anapopuliza kwa nguvu zake zote baada ya kujaza kifua. Asilimia 48 haina maana kwamba nusu ya mapafu imekufa. Maana yake ni kwamba hewa aliyoitoa ni asilimia 48 ya ile inayotarajiwa kwa mwanamume wa umri na urefu wake. Naomba umweleze hivyo mwenyewe, kwa upole. Wagonjwa wengi hutoka hospitali wakiamini wamebakiwa na nusu pafu, wanajilaza kitandani kulitunza, na kulala huko kunawadhoofisha zaidi.

Halafu uliza: inayotarajiwa kwa jedwali lipi? Kwenye karatasi ya majibu huandikwa jedwali la kulinganishia, mara nyingi GLI, yaani jedwali la kimataifa la vipimo vya mapafu, na mwaka wake. Jedwali la GLI la 2012 lilikuwa na safu tofauti kwa watu wa asili tofauti, na matarajio ya safu ya Wamarekani weusi yalikuwa chini kwa takriban asilimia 14 kuliko ya safu ya Wazungu. Pumzi ileile inayosomeka 48 kwenye safu ya Wazungu ingesomeka karibu 56 kwenye safu nyingine. Madaraja ya GOLD, mwongozo wa kimataifa unaotumika kwa COPD, yaani ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, yako hivi: 80 kwenda juu ni daraja la 1, 50 hadi 79 la 2, 30 hadi 49 la 3, chini ya 30 la 4. Kwa hiyo baba angehama kutoka daraja la 3 kwenda la 2 kwa kubadilishiwa jedwali tu, huku kifua chake ni kilekile. Mwaka 2022 GLI ilitoa jedwali moja lisilogawa watu kwa asili. Kama baba na rafiki yake walipimwa kwenye mashine mbili zenye majedwali tofauti, 48 na 41 hazilinganishwi.

Angalia pia kama kipimo kilifanywa vizuri. Kinataka mipulizo angalau mitatu inayokubalika, na ile miwili bora isipishane zaidi ya mililita 150. Mpulizo uliokatishwa mapema au ulioanza kwa kusitasita hutoa namba ya uongo. Ile namba ya “baada ya dawa” hupatikana kwa kuvuta mikrogramu 400 za salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, na kusubiri dakika 15. Uwiano ni FEV1 ikigawanywa kwa hewa yote aliyoitoa katika mpulizo mzima. Wake wa 0.58 uko chini ya 0.70, kwa hiyo njia zake za hewa kweli zimebana. Hapo mashine imesema kweli.

Ambalo mashine haikulisema ni aina ya uharibifu. Kwa aliyeugua TB, FEV1 inaweza kushuka kwa sababu njia za hewa zimebana, kwa sababu sehemu ya pafu imegeuka kovu, kwa sababu kuna tundu lililobaki, kwa sababu njia za hewa zimepanuka na kujaa makohozi, au kwa sababu utando wa nje wa pafu umekakamaa. Mara nyingi yapo mawili matatu kwa pamoja. Watu wawili wenye namba moja wanaweza kuwa na maradhi mawili tofauti. Mmoja sehemu yake ya juu ya pafu imeharibika lakini iliyobaki inapitisha oksijeni vizuri; mwingine mapafu yake yanaonekana mazima kwenye eksirei ila vifuko vya hewa vimeliwa na moshi wa sigara, na oksijeni inashuka mara anapoanza kutembea. Kipimo kinachoonyesha jinsi pafu linavyopitisha gesi kwenda kwenye damu kipo hospitali chache sana, kwa hiyo wengi hubaki na FEV1 peke yake, nayo inabebeshwa maana isiyokuwa nayo.

Sasa tuangalie kifua mtu anapotembea. Jaribu hili mwenyewe ukiwa umekaa: vuta pumzi mpaka kifua kijae, toa kidogo tu, kisha vuta tena juu ya ile iliyobaki, toa kidogo, vuta tena. Baada ya mara tano sita utahisi huna pa kuvutia hewa. Ndivyo inavyokuwa kwa mwenye njia za hewa zilizobana anapoongeza mwendo. Akikaa, ana muda wa kutoa hewa yote. Akitembea, pumzi zinakuja haraka, kila moja inabakiza hewa ndani, kifua kinavimba, kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kinalala bapa na kupoteza nguvu. Mgonjwa anasema “hewa haiingii”, kumbe tatizo ni kwamba haijatoka. Kiasi cha hewa kinachonaswa hivi hutofautiana sana baina ya watu wenye FEV1 moja, na hapo tayari una sababu moja ya rafiki kupanda baiskeli na baba kusimama njiani. Sababu hiyo pia inaonyesha kwa nini kupunguza kasi kidogo tu kunaweza kumwongezea umbali: akienda polepole, hewa inapata muda wa kutoka.

Miguu ndiyo ningeitilia mkazo zaidi kwa baba yako. Kwa kilo 51 na sentimita 168, BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni 18 tu, chini ya mpaka wa 18.5. Mtu aliyekonda kwa TB, akakaa ndani miaka kadhaa akiogopa kuhema, hupoteza misuli ya paja kwanza. Nyuzi za msuli zinazostahimili kazi ndefu hupungua, na zile zinazobaki huchoka mapema na kumwaga asidi kwenye damu hata kwa mwendo mdogo. Asidi hiyo huuamuru ubongo uongeze pumzi. Kwa hiyo anahema zaidi kwa sababu miguu ni dhaifu, kisha anaacha kutembea kwa sababu anahema, na miguu inazidi kudhoofika. Wengi wa wagonjwa hawa, ukiwauliza mwisho wa kutembea ni nini kimewasimamisha, hujibu kuwa ni miguu, au miguu na pumzi kwa pamoja. Rafiki yake hakuacha jembe wala baiskeli. Mapaja yake yameendelea kufanya kazi, na hiyo ndiyo tofauti ambayo mashine ya kupuliza haina namna ya kuiona.

Yapo mengine yanayopaswa kuchunguzwa hospitali kabla ya kulaumu mapafu. Upungufu wa damu unapunguza oksijeni inayobebwa, na kupima wingi wa damu kunawezekana hata kwenye vituo vya afya vingi. Moyo unaweza kuchoka upande wa kulia kutokana na shinikizo kwenye mishipa ya mapafu. Dalili ni miguu kuvimba jioni na mishipa ya shingo kusimama, na altrasaundi ya moyo huthibitisha. Kisukari na VVU vipimwe kama havijapimwa. Na TB irudiwe kuangaliwa ikiwa kuna homa za jioni, jasho la usiku au uzito unaoendelea kushuka. Hapa kuna mtego unaowaumiza watu wengi: kovu la zamani halifutiki kwenye eksirei, na GeneXpert, mashine inayotafuta TB kwenye makohozi, inaweza kuokota vinasaba vya bakteria waliokwishakufa hata muda mrefu baada ya matibabu. Kwa mtu aliyewahi kutibiwa, kipimo cha kuotesha makohozi ndicho kinachoamua. Wapo wanaomezeshwa dawa za TB mara ya pili na ya tatu kwa kikohozi ambacho ni cha makovu.

Na hofu isidharauliwe. Mtu aliyewahi kubanwa mpaka akadhani anakufa huanza kuiogopa pumzi yenyewe. Akihisi imeongezeka kidogo anavuta haraka haraka, na tumeshaona pumzi za haraka zinafanya nini kifuani. Kuongezea hapo, kikohozi cha mtu aliyewahi kuwa na TB huwafanya watu wasogee mbali kwenye daladala na msikitini. Kama baba ameacha msikiti kwa aibu ya kukohoa, dawa ya mapafu haitamrudisha. Akimaliza dozi yake na makohozi yakawa safi, haambukizi, na familia iliseme hilo kwa sauti mbele ya majirani.

Kwa sababu ya haya yote mwongozo wa GOLD, tangu marekebisho ya 2011, haupangi matibabu kwa FEV1 peke yake. Unauliza pia dalili na mara ngapi mgonjwa amezidiwa. Mwaka 2004 Bartolome Celli na wenzake walichapisha alama inayoitwa BODE, kutoka 0 hadi 10, inayounganisha vitu vinne: BMI, kubana kwa njia za hewa, kiwango cha kukosa pumzi, na mita anazotembea mtu kwa dakika 6. Alama hiyo ilibashiri uhai wa wagonjwa wa COPD vizuri kuliko FEV1 pekee. Ilitengenezwa kwa COPD, kwa hiyo usiihesabu kama hukumu kwa mtu aliyeugua TB, lakini inaonyesha wazi ni nini cha kupima.

Basi pimeni. Kwanza kiwango cha kukosa pumzi, ambacho hakihitaji kifaa. Sifuri ni yule anayehema kwa kazi nzito tu. Moja ni anayehema akiharakisha au akipanda kilima kidogo. Mbili ni anayeachwa nyuma na wa rika lake kwenye tambarare, au anayesimama kupumzika katika mwendo wake mwenyewe. Tatu ni anayesimama kila baada ya mita kama 100 au dakika chache. Nne ni anayeshindwa kutoka nyumbani, au anayehema akivaa nguo. Kusimama mara mbili ndani ya mita 300 ni tatu. Kuoga akiwa amekaa kunamsogeza kuelekea nne. Kiwango hiki kinasema zaidi juu ya siku yake kuliko ile 48.

Pili, mwendo wa dakika 6. Tafuta sehemu tambarare, ngumu, yenye kivuli, pima mita 30 kwa futi ya fundi, weka jiwe kila mwisho na alama kila baada ya mita 3. Akae kwenye kiti dakika 10 kwanza. Usimpime kama mapigo akiwa amekaa ni zaidi ya 120 kwa dakika, presha imezidi 180 kwa 100, oksijeni ya damu inayopimwa kwa kifaa cha kidole iko chini ya asilimia 88, au amepata shambulio la moyo mwezi huu. Kisha mwambie atembee kwenda na kurudi umbali mrefu kadiri anavyoweza, bila kukimbia. Akichoka asimame au akae, lakini saa inaendelea. Usitembee naye bega kwa bega, utamwongoza kasi. Mtangazie kila dakika iliyopita na umtie moyo kwa maneno yaleyale. Baada ya nusu saa rudieni, mchukue matokeo bora, kwa sababu mara ya kwanza watu hujizuia. Kama uwanja wenu ni wa mita 15, pimeni hivyohivyo. Kugeuka mara nyingi kutapunguza mita, kwa hiyo msilinganishe na za hospitali, linganisheni na zake mwenyewe. Badiliko la mita 30 hivi ndilo linalohesabika kuwa la kweli. Chini ya hapo huenda ni siku nzuri tu.

Kama nafasi haipo kabisa, tumieni kiti. Kiti imara kisicho na mikono, urefu kama sentimita 46, kiegemee ukuta. Anasimama wima na kukaa, mikono ikiwa kifuani, mara nyingi awezavyo kwa dakika moja. Andika idadi. Ongezeko la mara 3 ni badiliko la maana.

Kifaa cha oksijeni cha kidole kinasaidia, ila kina makosa yake. Hina na rangi ya kucha hukivuruga, vidole baridi pia, na kwa ngozi nyeusi wakati mwingine husoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo 90 ya kifaa inaweza kuwa pungufu ya hapo. Subiri namba itulie kabla ya kuiandika. Nyumbani, ikishuka chini ya 85 akitembea, asimame na mwonane na daktari kabla ya kuendelea na mazoezi. Hospitalini huvumilia hadi 80 kwa kuwa mtungi wa oksijeni uko pembeni. Akisafiri kwenda sehemu za juu kama Lushoto au Mbeya namba itashuka kidogo hata kama hakuna kilichoharibika.

Tatu, chagueni kazi nne anazozitaka mwenyewe. Kwa barua yako naona tayari ziko: kufika sokoni, kuoga akiwa amesimama, kufika msikitini, na ya nne aichague yeye. Kila wiki aipe kila kazi alama 0 hadi 10 ya ugumu. Ubora wa maisha una hojaji zake za kitaalamu, kama ile ya CAT yenye maswali 8 na alama 0 hadi 40, na kliniki ikiwa nayo ijazwe. Lakini hizo kazi nne ndizo zitakazomfanya aamke asubuhi kufanya mazoezi.

Mazoezi ndiyo tiba yenye ushahidi mkubwa zaidi wa kubadilisha kutembea na maisha kwa wagonjwa hawa bila kubadilisha FEV1. Mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba kwa pamoja, yalijumuisha tafiti 65 za COPD, na waliofanya mazoezi waliongeza wastani wa mita 44 hivi kwenye dakika 6. Kwa waliougua TB, hospitali ya Mulago, Kampala, ilijaribu mpango wa wiki 6, mara mbili kwa wiki, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha watu wakitembea mbali zaidi na kujisikia vizuri. Vifaa vyake si vya ajabu. Karibu vyote mnavyo nyumbani.

Kasi ipatikane kwa hesabu. Tuseme baba ametembea mita 270 kwa dakika 6. Hiyo ni mita 45 kwa dakika. Chukua asilimia 80: mita 36 kwa dakika. Kwa uwanja wa mita 30 ni kama sekunde 50 kwa kila upande. Anaanza na dakika 10 za mwendo huo, zikigawanywa vipande vya dakika 2 na mapumziko ya dakika 1 katikati, siku 3 hadi 5 kwa wiki. Kila wiki ongeza dakika 2 hadi 3 za kutembea kabla ya kugusa kasi, mpaka afike dakika 20 hadi 30. Kwenye kipimo cha kuhema cha 0 hadi 10, lengo ni 4 hadi 6: anahema, lakini anaweza kusema sentensi fupi. Akiweza kuimba, ni polepole mno. Akishindwa kutaja jina lake, amezidisha. Pumzi irudi kama kawaida ndani ya dakika 5 hadi 10. Isiporudi, kesho punguzeni.

Siku 2 au 3 kwa wiki, zisizofuatana, ni za nguvu. Kusimama kutoka kwenye kiti mara 8, seti 3, na dakika 2 za kupumzika kati ya seti. Kupanda na kushuka kizingiti au ngazi moja mara 8 kila mguu. Mikono nayo: chupa ya maji ya nusu lita ni nusu kilo, ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu. Aanze na ndogo, ainue mpaka usawa wa bega mara 8 hadi 10. Mikono ina umuhimu wake, kwa sababu misuli ya bega na shingo ndiyo inayosaidia kifua cha mgonjwa kupumua. Akiinyanyua juu kujimwagia maji, kifua kinanyang’anywa msaada wake. Ndiyo maana kuoga kunamshinda kuliko kutembea chumbani. Kwa sasa aoge kwa kata fupi, kiwiko kikiwa karibu na mwili, maji ya uvuguvugu, mlango ukiwa wazi kidogo mvuke utoke.

Pumzi yenyewe ifundishwe kabla ya mwendo. Avute kwa pua kwa hesabu ya mbili, atoe kupitia midomo iliyobinywa kidogo kwa hesabu ya nne, bila kusukuma kwa nguvu. Atoe hewa wakati wa kazi ngumu: wakati wa kusimama kutoka kitini, wakati wa kuinua ndoo. Akibanwa, akae, viwiko juu ya magoti, mabega yalegee. Kuinama kwenye sujudu kunasukuma tumbo juu dhidi ya kiwambo. Mgonjwa ana ruhusa ya kuswali kwenye kiti, na imamu wenu atamthibitishia hilo ili arudi msikitini bila kuona haya.

Mambo yanayoharibu mpango huu ni machache na yanajirudia. La kwanza ni kuanza kwa nguvu nyingi siku mbili za mwanzo, kisha misuli inauma, kisha mtu anaacha. La pili ni ndugu wenye huruma wanaomkalisha kila akihema. Kuhema kwa 4 hadi 6 hakumdhuru. La tatu ni kufanya wiki 8 na kuacha: faida hupungua na kuisha ndani ya mwaka hivi, kwa hiyo baada ya hapo abaki na siku 3 za kutembea kila wiki. La nne ni jiko. Kama kuni au mkaa unawaka ndani ya nyumba anayolala, mnajaza moshi mnachojaribu kukitibu. Jiko lihamie nje au gesi itumike kadiri uwezo unavyoruhusu.

Mlo uende na mazoezi, maana kufanyisha kazi misuli isiyolishwa ni kumkondesha zaidi. Kwa kilo 51 anahitaji gramu 60 hadi 75 za protini kwa siku. Yai moja lina kama 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, glasi ya maziwa kama 8, konzi ya karanga kama 7. Dagaa wakavu gramu 30 hutoa zaidi ya 15 na ni nafuu. Milo iwe midogo mara 5 au 6, kwa kuwa tumbo lililojaa ugali linabana kiwambo. Lengo la kwanza ni kuvuka kilo 52, la mbali ni kilo 59.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi, mengine ni ya daktari anayemwona. Kama ameandikiwa inhela ya salbutamol, mivuto 2 dakika 15 kabla ya mazoezi humwezesha kutoa hewa vizuri. Wengi huivuta vibaya na dawa inaishia kooni. Chupa ya plastiki ya nusu lita inafaa kama kifaa cha kuvutia: toboa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa inhela, ziba pembeni, ioshe kwa sabuni na uiache ikauke bila kuifuta ndani. Atikise inhela, abonyeze mara moja, avute polepole kupitia shingo ya chupa, abane pumzi hadi hesabu ya 10, kisha arudie. Chupa hizi zilithibitishwa Cape Town mwaka 1999 kwa watoto wenye pumu. Inhela za steroidi zisianzishwe bila sababu kwa aliyeugua TB. Na vidonge vya prednisoloni vinavyonunuliwa dukani “kufungua kifua” naomba mviache kabisa bila agizo: vikitumika muda mrefu hula misuli ileile ya paja tunayoijenga, hupandisha sukari, na vinaweza kuamsha TB iliyolala.

Msikimbilie kununua mashine ya oksijeni. Oksijeni ya muda mrefu inasaidia wale ambao wakiwa wamekaa kwa utulivu wana 88 au chini ya hapo, na ithibitishwe zaidi ya mara moja. Utafiti wa Marekani wa wagonjwa 738 uliochapishwa 2016 haukuona faida, si ya uhai wala ya ubora wa maisha, kwa wenye 89 hadi 93 wakiwa wamekaa au wanaoshuka kiasi wakitembea. Fedha hiyo itafanya kazi zaidi kwenye chakula na nauli ya kliniki.

Mpelekeni hospitali bila kusubiri kliniki akikohoa damu, hata kijiko kimoja. Kwenye matundu ya TB ya zamani huota fangasi wanaoweza kutoboa mishipa. Vilevile makohozi yakibadilika rangi na kuongezeka pamoja na homa, akipata maumivu ya ghafla ya upande mmoja wa kifua, akichanganyikiwa au kusinzia mchana kusiko kawaida, au akihema akiwa amekaa kuliko jana. Yasipotokea hayo, andikeni mita, idadi ya kusimama kitini, uzito na alama za zile kazi nne kwenye daftari moja, rudieni vipimo wiki ya 4 na ya 8, na siku ya kliniki mwende na daftari hilo pamoja na karatasi ya mashine.